Kuku wa Nne

Kwa muda wa wiki tano hivi nililala chumba kimoja na kuku watatu. Nasema hivi mapema ili msomaji asidhani tulikuwa na banda, au jiko la nje, au kona fulani iliyotengwa. Chumba kilikuwa kimoja tu, katika landhi, yaani safu za vyumba vya wafanyakazi, za kiwanda cha ngozi pale Thika. Ndani yake kulikuwa na kitanda chetu, meza, sanduku la nguo, jiko la makaa, na kitanda kidogo ambacho mume wangu alikiunda kwa mbao za makasha. Kuku walikaa chini ya kitanda hicho kidogo. Juu yake hakukuwa na mtu tena.

Ilikuwa miaka ya hamsini kuelekea mwisho wake. Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilikuwa imelegea lakini haijaondoka. Watu wa upande wa Ruiru walikuwa bado wanaishi katika vijiji walivyokusanywa kwa nguvu, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi shambani, na mtu akitaka kusafiri aliomba pasi. Mama mkwe wangu aliishi katika kijiji kimoja cha namna hiyo. Sisi tulikuwa Thika kwa ajili ya kazi ya mume wangu. Alikuwa akigeuza ngozi kwenye mashimo ya maji ya magome ya miti ya miwati yanayolainisha ngozi, na jioni alirudi na harufu ile mikononi. Hakuna sabuni iliyoiondoa.

Mimi nilisoma hadi darasa la nne katika shule ya misheni. Ni kidogo, lakini katika safu yetu ya vyumba kumi na viwili nilikuwa mwanamke pekee anayejua kusoma. Silitaji jambo hili kwa kujisifu. Mbele kidogo itaonekana kwa nini nalitaja.

Kwetu mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Si kumkumbuka tu. Ni kama yule mkubwa amezaliwa mara ya pili. Kwa hiyo tangu siku nilipojifungua, mama mkwe wangu aliniita Maitu, maana yake mama yangu, kwa sababu nilikuwa nimemzaa yeye. Nami nilimwita Maitu kwa sababu alikuwa mama wa mume wangu. Tuliitana hivyo hivyo sisi wawili, na watu wa makabila mengine pale landhi waliona ni mchezo. Jirani yangu wa ukutani, mama Mkamba mwenye maneno mengi, aliwahi kuniuliza kati yetu ni nani hasa aliyemnyonyesha mwenzake.

Mtoto alipofika miaka mitano, bibi yake alikuja kututembelea akiwa na kiondo kilichofunikwa jani la mgomba. Ndani mlikuwa na vifaranga wanne wa mama mmoja. Alimketisha mtoto chini akamgawia.

"Hawa watatu ni wako wewe mdogo," alimwambia. "Huyu mmoja ni wangu mimi mkubwa. Nitarudi naye Ruiru."

Mtoto akauliza, je, akilia akiwataka ndugu zake?

"Nitamwambia ndugu zake wako Thika, wanasoma."

Basi ikawa hivyo. Wale watatu wakakua, wote majike: mmoja mweupe, mmoja wa madoadoa, na mmoja asiye na manyoya shingoni, wa aina ile tunayoiita kishingo. Hawakuwa kuku wa kuliwa. Mtoto alimfunga kishingo mgongoni kwa leso akamtembeza kwenye safu nzima kama mtu anayebembeleza mtoto wake, na yule kuku alitulia tu, macho yamefumba nusu. Jioni aliwaingiza katika kasha lililokuwa nje ya mlango wetu, akaweka ubao juu, na juu ya ubao jiwe. Hiyo ilikuwa kazi yake. Mimi nikifunga kabla yake, alifungua akafunga upya.

Katika miezi ya baridi mwaka uliofuata kifua kilimshika. Siku ya kwanza nilidhani ni mafua. Siku ya pili nilimpaka mafuta na kumvika sweta ya baba yake. Siku ya tatu asubuhi tulimpeleka hospitali. Nimezihesabu siku hizo mara nyingi kuliko mtu anavyopaswa kuhesabu siku tatu. Alasiri, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake, alifungua macho.

"Mama, umefungia kuku?"

Nikamwambia nimewafungia.

Sikuwa nimewafungia. Nilikuwa hospitali tangu asubuhi, na kuku walikuwa popote walipokuwa. Lakini alikubali, akafumba macho, na hakuuliza kitu kingine. Kabla ya jioni alikuwa ameondoka.

Watu wanaonifahamu husema mimi sijui kusema uongo, na mara nyingine hilo hufanya iwe vigumu kukaa nami. Labda ni kweli. Lakini neno la mwisho nililomwambia mtoto wangu halikuwa la kweli, na sikuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Tuliporudi nyumbani sisi wawili, mimi na baba yake, kuku wote watatu walikuwa wamesimama kando ya kasha wakingoja. Mume wangu aliwaingiza. Akaweka ubao, akaweka jiwe, akabaki ameinama pale muda mrefu, mkono wake juu ya jiwe.

Mama mkwe wangu hakufika mazikoni. Pasi yake ilichelewa, na ilipokuwa tayari kutolewa karani alimwambia maziko yamekwisha, kwa hiyo hana sababu ya kusafiri. Sisi tulizika na majirani wachache na watu wa kanisa. Baada ya hapo watu wa landhi hawakujua waniite nani. Walikuwa wamezoea kuniita mama wa fulani, kwa jina la mtoto. Walinikuta mferejini tulikoteka maji, wakafungua midomo, wakafunga. Yule jirani Mkamba ndiye aliyetatua jambo hilo. Akaanza kuniita Jirani, na wengine wote wakamfuata.

Haukupita mwezi, ugonjwa wa kuku ukaingia Thika. Wengine waliuita kideri. Kuku anaonekana mzima asubuhi, mchana anajikunyata kama mwenye homa, mdomo wazi akitafuta hewa, kinyesi cha kijani kibichi, na kesho au kesho kutwa umeshamzika. Ulianzia upande wa soko. Akaja bwana wa mifugo na baiskeli, akabandika karatasi ukutani karibu na mfereji, akaenda zake. Wanawake wakaniita niwasomee.

Niliisoma karatasi ile kwa sauti, mara mbili, kwa sababu waliokuja baadaye walitaka kusikia tangu mwanzo. Ilisema kuku wafungiwe wasizurure. Waliokufa wachomwe au wazikwe. Na mtu yeyote asinunue wala asipokee kuku kutoka mahali pengine mpaka ugonjwa upite.

"Asipokee?" jirani akauliza. "Na mgeni akija na jogoo wake kwapani, nimwambie ageuke naye?"

Wanawake wakacheka, maana ni kweli kabisa, hakuna nyumba pale ambayo ingeweza kumfanyia mgeni jambo kama hilo. Hata mimi nilitabasamu. Nakumbuka kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Siku hiyohiyo niliwaingiza kuku ndani. Sikumuuliza mume wangu. Nilitandika magunia chini ya kitanda cha mtoto, nikamwaga majivu juu yake, nikaweka kopo la maji na kifuniko cha chakula. Alipotoka kazini alisimama mlangoni akatazama. Kisha akachukua mpini wa ufagio mbovu, akaukata, akaupigilia misumari kati ya miguu ya kitanda ili wapate mahali pa kupanda. Msimamizi wa landhi alikuwa amekataza mifugo ndani ya vyumba, na mume wangu ni mtu aliyeogopa sana kuvunja sheria. Lakini mpini aliupigilia.

Sitasema kulikuwa kuzuri. Kuku ananuka, na kuku watatu katika chumba kimoja wananuka mpaka ndani ya unga. Kila asubuhi nilikunja magunia, nikayakung'uta mbali, nikabadilisha majivu. Madoadoa alikuwa na tabia ya kudonoa vifungo vya nguo. Kishingo alipanda sandukuni akajitazama kwenye kioo akagombana na alichokiona. Siku moja yule mweupe alipanda juu ya kitanda cha mtoto akataga yai kwenye blanketi, nami sikuliondoa siku nzima. Mume wangu aliporudi alilitazama, akaketi ukingoni pa kitanda chetu akavua viatu polepole sana.

Jirani alisikia kila kitu kupitia ukutani.

"Jirani, wageni wako hawaagi," aliniambia. "Ni watu wa wapi hawa wasiojua njia ya kwao?"

Nikamwambia wanangoja mvua ipite. Mvua haikuwapo. Kesho yake aliniletea pumba za mahindi ndani ya kitambaa, akasema kuku wake wote saba wamekufa, sasa pumba atampa nani.

Jumamosi moja msimamizi alikuja kukagua vyumba kama desturi yake. Mume wangu akasimama mlangoni akizungumza naye habari za bati linalovuja. Nyuma yake madoadoa alikuwa ametoka kutaga, na kuku akitaga lazima atangaze. Msimamizi akachungulia juu ya bega la mume wangu, akaona kitanda kidogo, na miguu ya kuku chini yake. Yeye pia alikuwa amekuja mazikoni.

"Ugonjwa ukipita, watoke," akasema, akaenda mlango wa pili.

Kuku wa safu yetu walikwisha wote isipokuwa wetu. Siku kumi, wiki mbili, wiki tatu, nne. Kila jioni nilipofunga mlango kwa komeo nilisema kwa sauti ndogo, nimewafungia. Sasa lilikuwa neno la kweli. Najua halikurudi nyuma likalitengeneza lile la kwanza. Lakini nililisema kila jioni, na nilipolisema niliweza kulala.

Wiki ya tano, mama mkwe wangu akapata pasi.

Alifika kwa treni ya mchana. Nilikuwa nikichambua maharage mlangoni nilipomwona akija kati ya safu za landhi, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kichwa amenyoa kwa ajili ya msiba, kiondo mgongoni. Kwapani alikuwa amembeba kuku, kichwa chake kimefunikwa kitambaa ili asiogope njiani. Nilimjua yule kuku kabla ya kitambaa kuondolewa. Alikuwa wa nne.

Aliingia akatazama kitanda kidogo. Hatukulia. Nadhani kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake.

"Maitu, nimechelewa," alisema.

Nikamwambia hakuchelewa. Akaniambia habari za karani, jinsi alivyosimama dirishani mara tatu, jinsi alivyoulizwa anakwenda kufanya nini kama maziko yamekwisha. Alishindwa kumjibu, kwa sababu jina lililokuwa limezikwa lilikuwa lake mwenyewe, na hakujua jambo hilo linaelezwaje kwa karani.

Kisha akamwondolea kuku kitambaa, nami nikaona. Macho yalikuwa yamefumba nusu. Manyoya yamesimama kama ya aliyenyeshewa. Mkiani kulikuwa na uchafu wa kijani.

Niliona, na nilijua ni nini. Sitaki mtu aniambie sikuwa na hakika. Maneno yote ya ile karatasi yalikuwa kooni mwangu kwa mpangilio wake. Na muda nilikuwa nao. Aliweka kiondo chini. Aliomba maji, akanywa, akashusha pumzi, akaomba mengine. Akaanza kufungua kamba ya mkonge iliyokuwa imefungwa mguuni mwa kuku, lakini fundo lilikuwa limekaza njiani, na macho yake hayakuwa mazuri. Alihangaika nalo. Muda wote huo ningeweza kusema. Mwishowe akaniinulia mguu wa kuku.

"Nisaidie, Maitu. Wewe una kucha."

Nikalifungua fundo mimi mwenyewe.

Nimejiuliza kwa nini kwa miaka mingi, na jibu nililonalo si zuri. Alikuwa amekuja na kitu pekee alichokuwa nacho cha mtoto. Alikuwa amechelewa kila kitu kingine. Mimi nimwambie kwamba alichobeba kwapani kutoka Ruiru ni kifo? Nimwambie akae nacho nje? Mdomo haukufunguka. Mikono ilifanya kazi, mdomo haukufunguka.

Kuku wa nne alitembea taratibu akaingia chini ya kitanda. Wale watatu walimtazama, wakasogea.

"Tazama," mama mkwe akasema. "Wanajuana."

Jioni nilijaribu kumtenga. Nilimtia kikapuni nikamweka karibu na mlango, nikasema pale ndipo penye hewa nzuri. Mama mkwe wangu akasema atakuwa mpweke, amekuja mbali kuwaona ndugu zake, akamrudisha kwa mkono wake. Mume wangu alinitazama juu ya kichwa cha mama yake. Naye alikuwa anaijua ile karatasi, maana nilimsomea. Wote wawili tukatazama chini.

Siku ya pili alinieleza jambo lingine, akiwa anamenya viazi, kama mtu anayesimulia habari za hali ya hewa. Kuku wa kijiji chao walikuwa wamekwisha. Kuku wake wengine wote walikufa ndani ya wiki moja. Huyu wa mtoto alimwingiza nyumbani kwake akalala naye karibu na moto.

"Nikasema hewa ya kule imeharibika," alisema. "Nikasema nimlete huku Thika kwenye madaktari, akae na wenzake mpaka mambo yatulie."

Kwake ugonjwa ulikuwa kitu cha mahali, kama ukungu wa bondeni. Ukimtoa kuku pale, umemwokoa. Nilimsikiliza huku kisu kikiwa mkononi mwangu, nikafahamu kwamba tulikuwa tumefanya jambo moja sisi wawili, yeye kule na mimi huku, kila mmoja akiwa amefunga mlango wake. Nikamenya viazi.

Nilitafuta shubiri hadi upande wa Kiganjo, nikaikata nikaitia kwenye maji yao ya kunywa, yakawa machungu na rangi ya manjano. Wanawake walisema inasaidia. Siku ya tatu asubuhi kuku wa nne alikuwa amekufa, mdomo wake umegusa kopo lile la maji ambalo wote walinywea. Mume wangu alimtia guniani akaenda kumzika nyuma ya ua kabla ya kwenda kazini.

"Basi," mama mkwe akasema. Akaangalia chini ya kitanda. "Na hawa?"

Pasi yake ilikuwa ya siku tatu, kwa hiyo mchana nilimsindikiza stesheni nikiwa nimembebea kiondo. Tulikaa kwenye benchi. Moshi wa treni ulikuwa unaonekana tayari aliponigeukia.

"Maitu, nilifanya vibaya kumleta?"

Tangu siku ile ya hospitali nilikuwa nimejiapia kwamba mtu akiniuliza kitu kwa kuniamini, sitamdanganya tena. Ukweli nao ulikuwa umekaa hapo, na sikuweza kumpa mwanamke yule ukweli kama ule apande nao treni. Nikamrekebishia shuka begani. Nikafunga fundo lake vizuri. Treni ikafika na kelele zake. Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyejibiwa, akapanda.

Hilo ndilo ninalolijutia kuliko yote, kuliko hata fundo la kamba. Nilidhani nikinyamaza sitakuwa nimesema lolote.

Mweupe alikufa siku ya tano baada ya hapo. Madoadoa siku iliyofuata, mchana, mapajani mwangu, nikimfungua mdomo apate hewa kana kwamba hewa ilikuwa ya kutiwa kwa kidole. Nilikuwa nimewahi kukaa hivyo na mwingine asiyeweza kupumua, na mikono yangu haikujua zaidi ya ilivyojua mara ile. Majivu, shubiri, maji ya moto, kitambaa. Jirani alikuja akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno la mzaha. Alichukua ufagio wangu akafagia chumba, akaondoka.

Kishingo hakufa. Alilala ubavu siku nne, kisha akasimama, lakini shingo yake ilikuwa imepinda. Kichwa kiligeuka juu na nyuma, jicho moja likitazama paa. Akitaka kwenda mbele alizunguka. Akidonoa chakula alidonoa hewa. Ilinibidi nimshike kichwa kwa mkono mmoja na kumlisha kwa mwingine, mara nne au tano kwa siku. Watu walinishauri nimchinje. Jirani, ambaye sasa maneno yalikuwa yamemrudia, alisema kuku huyu ameokoka kweli kweli, mchana kutwa anatazama mbinguni. Mume wangu alisema tu, "Mwache. Huyo alishakwenda akarudi."

Nilimtoa nje ugonjwa ulipopita, kama msimamizi alivyosema. Hakujua la kufanya na nje. Alizunguka palepale mlangoni mpaka nikamrudisha ndani.

Mvua za vuli zilipoanza, habari zikatufikia kutoka kijijini. Mama mkwe wangu alikuwa akiwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyewaua kuku wa mtoto. Alikuwa akilisema kanisani, akilisema mtoni. Na watu walikuwa wamechoka kumwambia ni kuku tu.

Nikamtia kishingo kiondoni, nikamfunika jani la mgomba, nikapanda treni kwenda Ruiru.

Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba yake. Hakukuwa na kuku hata mmoja kijijini kote, na ukimya wa kijiji kisicho na kuku ni kitu cha ajabu, asubuhi huwezi kujua imeanza lini. Niliondoa jani. Alimtazama kishingo, ile shingo, lile jicho. Akamchukua mapajani bila kuniuliza kitu. Akaniagiza ugali wa jana uliokuwa ndani, akaulowesha kwa kidole, akamshika kichwa, akaanza kumlisha. Hakuna aliyemfundisha.

Ndipo nikasema. Nilisema nikiwa nimesimama, kama mtoto wa shule.

"Maitu, kulikuwa na karatasi. Ilisema tusipokee kuku wa kutoka kwingine. Niliisoma mimi, kwa sauti, mara mbili. Ulipofika nilimwona anaumwa. Na fundo nililifungua mimi."

Aliendelea kulisha. Kishingo alimeza kwa shida, shingo ikijipinda mkononi mwake.

"Wewe ulisoma," alisema mwishowe. "Mimi nilibeba."

Nikaanza kumweleza tena kwamba yeye hakujua, na mimi nilijua, na asiyejua hana kosa. Akainua mkono wenye ugali.

"Maitu, maziko sikufika. Dawa sikuleta. Kitu nilichomfanyia mtoto ni kimoja, kumletea ndugu wa kuku wake. Kikiwa kibaya, ni kibaya changu. Usininyang'anye na hicho."

Nilikuwa nimekuja kumwondolea mzigo, na alikuwa ameushika kwa mikono miwili. Nami wangu niliokuja nao ulikuwa palepale ulipokuwa. Tuliketi. Alipochoka mkono nilimpokea kuku, nilipochoka mimi alimpokea yeye, mpaka shibe ikaonekana kifuani mwake.

Nililala kwake siku ile. Giza lilipoanza kuingia tulimtia kishingo katika kibanda kidogo cha miti ndani ya nyumba, palepale alipokuwa akimweka wa nne. Nikafunga kijimlango chake kwa mkono wangu, nikapitisha kijiti kwenye kitanzi cha kamba. Mama mkwe wangu alikuwa ameshajilaza upande wa pili wa moto, mgongo kwangu, shuka hadi masikioni.

"Maitu," akasema, "umefungia kuku?"

Hakujua. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote maneno ya mtoto hospitalini, hata mume wangu. Ni swali ambalo mtu yeyote mwenye kuku huuliza jioni.

Nilikuwa nimemfungia, na nilikuwa na hakika. Hata hivyo niliinuka. Nikazunguka moto, nikapiga magoti pale kibandani, nikakigusa kijiti, nikavuta kijimlango nione kama kimeshika. Nikaingiza kidole kati ya miti mpaka nikaigusa shingo isiyo na manyoya, ya moto, imepinda vilevile. Mama mkwe wangu hakuniharakisha jibu.

Ndipo nikarudi mahali pangu, nikamwambia nimemfungia.